Volti na mkondo kwanza, wati baadaye: kuchagulia hedifoni za planari amplifaya yake

Karibuni. Mezani leo kuna hedifoni tatu za planari: HiFiMan Susvara, Audeze LCD-5 na Audeze LCD-X. Ndani ya kila moja kuna utando mwembamba sana uliochapwa njia za umeme, nao umewekwa mbele ya safu za sumaku. Kwa macho ni ndugu, lakini mbele ya amplifaya kila moja ina njaa yake. Dukani utaambiwa kwamba planari zote zinataka wati nyingi. Ukinunua amplifaya ya nguvu kubwa kwa kufuata neno hilo halafu ukaichomeka LCD-X, unaweza kusikia "shhh" masikioni kabla hata wimbo haujaanza. Kwa hiyo tutapiga hesabu kabla ya kutoa pesa. Andaa karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu.

Hatua ya kwanza: tafuta namba mbili kwenye karatasi ya vipimo ya hedifoni yako. Moja ni ukinzani, unaoandikwa kwa omu. Nyingine ni usikivu, yaani hedifoni inatoa desibeli ngapi ikipewa miliwati 1. Susvara ni omu 60 na desibeli 83. LCD-5 ni omu 14 na desibeli 90. LCD-X ni omu 20 na desibeli 103.

Simama hapo kidogo, kwa sababu wengi hukosea kwenye usikivu. Baadhi ya watengenezaji huandika desibeli kwa volti 1, si kwa miliwati 1, na namba hizo mbili hazilingani. LCD-5 ni 90 kwa miliwati, lakini kwa volti ni kama 108.5. Ukilinganisha namba ya miliwati ya hedifoni moja na namba ya volti ya nyingine, unaweza kukosea hata kwa desibeli 18 kabla hujaanza. Soma herufi ndogo zilizo pembeni ya namba.

Hatua ya pili: amua unataka sauti ya juu kiasi gani. Kusikiliza kwa utulivu ni wastani wa desibeli 75 hadi 80, na Shirika la Afya Duniani linashauri tusivuke desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Wastani huo si kilele. Pigo la ngoma au okestra nzima ikipanda inaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani. Ongeza desibeli 6 kama unanyanyua besi kwa ikwalaiza, na planari hupokea besi ya kuongezwa vizuri kuliko hedifoni nyingi. Ongeza kidogo tena kwa rekodi zilizorekodiwa kwa sauti ya chini. Ndiyo maana tunapanga vilele vya desibeli 110, na 115 kwa anayetaka nafasi ya kutosha. Hizo ni za kilele cha sehemu ndogo tu ya sekunde. Usisikilize muziki kwa kiwango hicho.

Sasa hesabu. Kila desibeli 10 zinataka nguvu mara 10, na kila desibeli 3 zinataka mara 2. LCD-5 kutoka 90 kwenda 110 ni desibeli 20, yaani mara 10 mara 10: miliwati 100. Susvara kutoka 83 ni desibeli 27. Hizo 20 ni mara 100, zile 7 zilizobaki ni mara 5, jumla miliwati 500. Kupata volti, zidisha wati kwa omu kisha tafuta kipeuo cha pili. Kupata mkondo, gawanya volti kwa omu.

Tufanye ya Susvara pamoja. Wati 0.5 mara omu 60 ni 30. Kipeuo cha pili cha 30 ni karibu volti 5.5. Gawanya kwa 60, unapata miliampea 91. Ukitaka 115, nguvu inapanda hadi wati 1.6, volti 9.75, miliampea 163.

LCD-5 kwa 115 inataka miliwati 316, volti 2.1 na miliampea 150. Tazama hapo. Volti ni karibu robo ya zile za Susvara, lakini mkondo unakaribiana. Moja inataka amplifaya inayofika juu kwa volti, nyingine inataka isiyochoka kutoa mkondo kwenye mzigo mdogo wa omu. Na LCD-X? Miliwati 16, volti 0.56, miliampea 28. Kijiwaya kizuri cha simu (kile cha kuunganisha hedifoni kwenye tundu la USB) chenye volti 1 kinaisukuma bila taabu, nayo ni hedifoni ya daraja la juu.

Hatua ya tatu: soma karatasi ya amplifaya kwa jicho hilohilo. Namba ya wati pekee haikuambii kitu mpaka ujue ni kwenye omu ngapi. Tuseme imeandikwa wati 1 kwenye omu 32, na miliwati 125 kwenye omu 600. Ile ya omu 600 inakupa ukomo wa volti: 0.125 mara 600 ni 75, na kipeuo chake ni volti 8.7. Ile ya omu 32 inakupa volti 5.7, ukigawanya unapata miliampea 177. Volti zimeshuka kutoka 8.7 hadi 5.7 kwa sababu mkondo ndio umefika mwisho.

Sasa iweke mbele ya hedifoni zetu. LCD-5 inataka miliampea 150 na volti 2.1, inatosha. Susvara kwa 110 inataka volti 5.5, inatosha. Susvara kwa 115 inataka volti 9.75, na amplifaya hii haizifikii kamwe, hata uizungushe hadi mwisho.

Kuna suala la tundu la balansi, lile la XLR yenye pini 4 au la milimita 4.4, ambalo kila sikio linasukumwa na saketi mbili, moja kwa waya chanya na nyingine kwa waya hasi. Balansi ya kweli huongeza volti mara 2. Mkondo hauongezeki, kwa sababu kila upande wa saketi unaona nusu ya omu za hedifoni. Kwa Susvara ni faida kubwa. Kwa LCD-5 yenye omu 14, kila upande unaona omu 7, na amplifaya dhaifu ya mkondo inaweza isikupe chochote cha ziada. Usilipie balansi kwa sababu ya jina.

Amplifaya za valvu zisizo na transfoma ya kutolea zina ukinzani wa kutoa mkubwa, yaani ukinzani wa amplifaya yenyewe kwenye tundu la hedifoni; nyingine hufika omu 120. Ukinzani wa planari hauyumbi kutoka besi hadi trebo, kwa hiyo rangi ya sauti haitabadilika kama inavyobadilika kwenye hedifoni za kawaida za koili. Tatizo ni upotevu. LCD-5 kwenye omu 120 inapata volti moja tu kati ya kila kumi, desibeli 20 zimepotea njiani, na valvu inaombwa mkondo ambao haina. Kama unapenda valvu, chukua yenye transfoma ya kutolea yenye tundu la omu ndogo, au ya mseto ambayo transista ndizo zinazosukuma mwishoni.

Hatua ya nne ni geini, yaani amplifaya inakuza volti mara ngapi. Gawanya volti unazohitaji kwa volti za DAC, kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa sauti. DAC nyingi hutoa volti 2 kwa RCA na volti 4 kwa XLR. Susvara: 9.75 gawanya kwa 2 ni karibu mara 5, yaani desibeli 14. Ukitumia XLR, desibeli 8 zinatosha. LCD-5 inatosheka bila geini yoyote. LCD-X ndiyo kabisa, weka swichi chini. Ukiacha geini juu, kitasa kitaishi mwanzoni kabisa mwa mzunguko, mahali ambapo vitasa vingi havilingani kulia na kushoto, na mwimbaji atahamia sikio moja.

Hapo ndipo ile "shhh" inapotoka. Amplifaya yenye kelele ya maikrovolti 100 inaipa LCD-X kelele ya desibeli 40, na chumba cha usiku ni kimya kuliko hapo. Kelele hiyohiyo kwenye Susvara ni desibeli 15 tu, huisikii. Ndiyo sababu wenye Susvara huweza kutumia amplifaya ya spika na wenye LCD-X hawawezi. Ukienda njia hiyo ya spika, kumbuka kitu kimoja: kwenye amplifaya nyingi za aina ya daraja ("bridged", ambazo waya hasi nao unasukumwa na saketi yake), hasi ya kulia na hasi ya kushoto hazitakiwi kugusana. Tumia waya wa nyuzi 4, si jeki ya milimita 6.35, la sivyo unaunguza saketi za kutolea za amplifaya.

Hatua ya tano: pima kabla ya kuchomeka. Unahitaji multimita na resista. Kuiga Susvara, unganisha resista 2 za omu 120, wati 2 kila moja, sambamba: unapata omu 60. Kuiga LCD-5, resista moja ya omu 15, wati 5.

Kwanza, washa amplifaya bila muziki, subiri dakika 10, weka mita kwenye volti za DC na upime kila upande. Milivolti chache ni sawa. Ikifika milivolti 50, usichomeke hedifoni, peleka kwa fundi.

Pili, cheza mlio safi wa hertzi 60 kutoka kwenye programu ya milio, mita ikiwa kwenye volti za AC. Pima bila resista, kisha na resista. Ikiwa volti 2.00 zinashuka hadi 1.90 kwenye omu 15, ukinzani wa kutoa ni kama omu 0.8, ni mzuri.

Tatu, cheza mlio huohuo kwa desibeli 6 chini ya ukomo wa kidijitali (kiwango cha juu kabisa ambacho faili ya sauti inaweza kubeba), halafu kwenye ukomo wenyewe, bila kugusa kitasa. Volti lazima ziongezeke mara 2. Zisipofika, wimbi limekatwa kichwa, umefika mwisho wa mtambo. Fanya hivyo ukipandisha kitasa kidogo kidogo, nawe utajua volti halisi unazopata, si zile za kwenye boksi.

Sasa chomeka hedifoni. Kitasa kiwe chini na muziki umezimwa, maana jeki ya milimita 6.35 hugusanisha ncha na pete inapopita tunduni. Kama umeunganisha waya wa XLR mwenyewe: pini 1 ni kushoto chanya, 2 kushoto hasi, 3 kulia chanya, 4 kulia hasi. Ukigeuza upande mmoja, besi inayeyuka na sauti ya mwimbaji haikai katikati.

Besi ikikwaruza kila pigo zito, rudi kwenye hesabu ya volti au mkondo. Ikikwaruza hata kwa sauti ndogo, si amplifaya, angalia unywele kwenye utando au waya uliolegea. Ukisikia "mmmm" ya chini, ondoa waya wa kompyuta kwanza, mara nyingi ni mzunguko wa ethi, yaani vifaa viwili vilivyounganishwa ardhini kwa njia zaidi ya moja. Na besi ikipotea upande mmoja, gusa mto wa sikio: miwani ikiinua mto, hakuna wati zitakazorudisha besi hiyo.

Kwa mlioagiza amplifaya kutoka Marekani: geuza nyuma, tafuta swichi ya volti. Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Ikiwa imesomeka 115, ihamishe kabla ya plagi kugusa ukuta. Kama haina swichi na imeandikwa 120 tu, usiiwashe bila transfoma ya kushusha.