Diski Nene Ndiyo ya Kuogopwa

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Wengi wenu mmeshanisikia juu ya jambo hili: diski ya mgongo kutoka tena baada ya upasuaji. Leo nalirudia hapa Lamu kwa sababu bado wagonjwa wa mgongo wapelekwa kupasuliwa wakiwa na picha ya sumaku, MRI, peke yake, bila eksirei hata moja ya kusimama.

Chukueni hamali anayepakia boriti jahazini. Ana miaka 30 na kitu, diski ya L4-L5, ule mto ulio kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, imetoka, maumivu yamshuka mguu mzima. Ripoti yasema diski ingali nene, haijachakaa, nasi twafurahi. Twafurahia nini? Diski nene bado ina kiini kingi ndani, na pingili zake zacheza sana. Baada ya upasuaji akiinama na mzigo, kiini kile chasukumwa kwenye tundu lile lile la ganda lake. Diski iliyosinyaa, pingili zimekaribiana na kukaza, haina kingi cha kutoa. Watafiti wa Korea Kusini waliandika mwaka 2009 kwamba unene wa diski na mchezo wa pingili huendana na kurudi kwa ugonjwa.

Najua, tafiti zote hazikubaliani. Lakini MRI itakuonyeshaje mchezo wa pingili, na mgonjwa amelala chali? Msimamishe, ainame mbele, apinde nyuma, upime tofauti ya pembe. Ni eksirei mbili tu!

Kuna atakayesema, "Ikirudi tutapasua tena." Mara ya pili, bwana, wapita kwenye kovu lililogandamana na utando wa neva, na utando ukichanika maji ya uti yavuja. Na hamali huyo, miezi ya kukaa bila kazi watoto wake wale nini?

Sisemi anyimwe upasuaji. Wengi hupona bila kisu, na kati ya wanaopasuliwa diski huwarudia kama 5 hadi 15 katika kila 100. Nataka aambiwe mapema yuko upande gani, wa kurudiwa au wa kupona, apange kazi yake.

Ukubwa wa tundu la ganda pia una uzito: daktari mpasuaji Carragee, mwaka 2003, alipata marudio asilimia 1 penye ufa mdogo, 27 penye tundu pana. Ila hilo lilionekana mezani, kisu kikiwa mkononi. Mabadiliko ya Modic, yale ya mfupa ulio jirani na diski, na kisukari, leo sitayafikia. Sigara aache.

Nanyi wa chumba cha eksirei, fomu ikija imeandikwa "mgongo" tu, irudisheni kwa daktari aliyeiandika, ataje picha za kusimama, kuinama na kupinda nyuma.