Misuli ya Tumbo Imevutika, Fiziotherapia ya Nini? Leo Nawajibu

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo hakuna matembezi, nimekaa tu hapa na mto wangu tumboni. Nimeona nilijibu hili swali linalorudi chini ya kila video: "Misuli imevutika tu, fiziotherapia ya nini? Si upumzike ipone?" Kwa asiyeijua, fiziotherapia ni tiba ya viungo kwa mazoezi na kukandwa. Walioniuliza kwa nia njema, asanteni sana. Na wewe uliyeandika kwamba sisi wa ughaibuni tukiguswa kidogo tunakimbilia kwa wataalamu ili tuonekane tuna bima, nawe kaa unisikilize. Sijaja kujisifu, wala sijaja kulia shida. Nimeulizwa, najibu.

Niliumia kazini, nikiinua mzigo huku kiwiliwili kimegeukia upande. Mnaobeba mizigo mnaijua hali hiyo, sina haja ya kuisimulia.

Daktari hakukubali haraka kwamba ni misuli, na nilimheshimu kwa hilo, maana tumbo lina mengi ndani. Alinilaza chali, akabonyeza pale pale panapouma, halafu akaniambia niinue kichwa na mabega huku kidole chake hakijatoka. Maumivu yakapanda. Kipimo hicho kilielezwa na daktari aitwaye Carnett mwaka 1926: maumivu yakizidi ukiwa umekaza tumbo, kuna uwezekano mkubwa shida iko kwenye ukuta wa tumbo, yakipungua, daktari anaanza kutafuta ndani. Akanikohoza pia huku ameshika kinena, akitafuta ngiri. Kwa hiyo nawaomba, kama una homa, unatapika, tumbo limekuwa gumu, kuna damu kwenye choo, au uvimbe umejitokeza na haurudi ndani, achana na video yangu nenda hospitali sasa hivi.

Misuli ikivutika, wataalamu huipima kwa daraja 3. La 1 ni nyuzi chache zimeumia, la 2 sehemu imechanika, la 3 imekatika kabisa. Daraja la 1 mara nyingi hutulia ndani ya wiki chache, la 2 linaweza kula mwezi, miezi miwili. Langu lilikuwa la 2.

Sasa makaratasi. Hapa ndipo nilipoumia mara ya pili. Bima ya afya ilisema hii ni ajali ya kazini, kazini walipe. Bima ya kazini ikasema ithibitishwe kwanza kwamba sikuwa na tatizo la tumbo tangu zamani. Utathibitishaje kitu ambacho hukuwa nacho? Fomu ikarudishwa kwa sababu daktari ameandika "tumbo" bila kutaja upande. Ikarudishwa tena kwa sababu barua ya rufaa ilikuwa na tarehe ya baadaye kuliko miadi. Kila ukipiga simu unapokelewa na mtu mpya, unaanza kueleza upya. Na huo wote ni muda ambao siingii shifti, na asiyeingia shifti halipwi. Halafu usiku unafungua simu unakuta ujumbe, "Tunajua unazo, hutaki kutuma tu." Ndugu zangu, hilo liliniuma. Mtu anashindwa hata kupiga chafya, unamwambia anaficha hela!

Kibali cha bima kilipotoka, kilikuwa cha vikao vichache kuliko alivyoomba mtaalamu wa fiziotherapia. Ndiyo maana nasema kwa nguvu: bima inahesabu vikao, haihesabu nyuzi zako. Usikubali kwamba umepona kwa sababu tu kibali kimeisha.

Na hilo swali la kupumzika. Siku za mwanzo unapumzika kweli: huinui vizito, unaweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, basi. Lakini msuli uliochanika unajiunga kwa kovu, na nyuzi za kovu hilo hujipanga vizuri zikipewa kazi kidogo kidogo. Ukilala tu, maumivu yanaisha lakini msuli unabaki dhaifu. Siku unayorudi kwenye mzigo, pale pale panachanika tena. Nimewaona wenzangu kazini yakiwakuta.

Mto niliowaonyesha ni wa kukumbatia tumboni ukikohoa au kucheka, unashikilia ukuta wa tumbo. Kutoka kitandani pia nilifundishwa: unageuka ubavu kwanza, unashusha miguu, unajisukuma kwa mikono. Kunyanyuka wima kutoka chali ndiko kunakochana. Na maji na mboga, jamani, maana kujikamua chooni ni mzigo ule ule.

Zoezi lenyewe la mwanzo ukiliona utadhani hakuna kinachofanyika. Unalala chali, magoti yamekunjwa. Unaweka vidole viwili ndani kidogo ya mfupa wa nyonga. Unatoa pumzi polepole, unaliingiza tumbo la chini, mpaka usikie kitu kinakaza taratibu chini ya vidole. Hicho ni msuli wa ndani kabisa, unaouzunguka mwili kama mkanda. Huku umekaza hivyo, unaburuza kisigino kimoja mbele hadi mguu unyooke, unakirudisha. Mgongo ukiinuka, au ukijikuta umebana pumzi, umekwenda mbali mno. Mtaalamu wangu alikuwa anatazama mgongo wangu tu, neno lake moja: "Pumua." Baadaye zikaja hatua za kuinua mkono na mguu wa pande tofauti, kisha kujishikilia kwa viwiko, na mwisho kabisa kujigeuza na mzigo mwepesi. Yale mazoezi ya kunyanyuka-kulala ambayo wengi mnanishauri nianze nayo, yeye aliyazuia kwa muda mrefu.

Kanuni niliyopewa: maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika, lakini kesho yake asubuhi yakiwa yamezidi, unarudi hatua moja nyuma.

Mnaoniomba niwatumie karatasi yangu ya mazoezi, mnisamehe, sitaituma. Ile imepangwa kwa jeraha langu, na lako linaweza kuwa upande mwingine au daraja jingine, au lisiwe misuli kabisa. Haya ni yangu, kila mwili na habari yake. Ila mkibahatika kuonana na mtaalamu, mwambieni siku ile ile ya kwanza mmeruhusiwa vikao vingapi. Wangu nilipomwambia aliacha kabisa kunikanda, muda wote akautumia kunifundisha mazoezi ya kufanya nyumbani, na akaviachanisha vikao ili cha mwisho kiangukie wiki ninayorudi kazini. Kwenye kikao hicho aliniinulisha boksi mbele yake, akarekebisha miguu yangu, akaniinulisha tena.