Ukiachiwa mtoto wa watu kwa mara ya kwanza

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Nje mvua haijakatika tangu asubuhi, Hamburg ndivyo ilivyo, basi nimefunga dirisha tuzungumze.

Wiki hii kuna binti wa Morogoro ameniandikia. Amefaulu mtihani wa Kijerumani wa A1, ile ngazi ya mwanzo kabisa, familia amepata, visa imetoka, mwezi ujao anakuja huku Ujerumani kuwa au pair, yaani kijana anayeishi na familia na kuwasaidia kulea watoto wao. Anasema, "Dada, sina wasiwasi na watoto, nimelea wadogo zangu wanne." Mdogo wangu, hongera sana. Na mimi nilikuja na maneno hayo hayo, ndiyo maana nataka unisikilize.

Kulea wadogo zako ni mtaji, usiudharau. Kilio cha njaa unakijua, cha usingizi unakijua. Ila nyumbani hukuwa peke yako. Bibi yupo uani, jirani yupo barazani, mtoto akianguka wanakimbia watu watano. Huku mlango ukishafungwa, mmebaki wewe na watoto.

Familia yangu ilikuwa na wawili, mmoja wa miaka minne, mwingine alikuwa hajafikisha miwili. Wiki ya kwanza niliosha zabibu, nikaziweka kwenye kibakuli, nikamsogezea mdogo. Mama yake akaja mbio, akakitoa kile kibakuli mezani. Hakunifokea. Alichukua kisu kidogo, akailaza zabibu kwenye ubao, akaipasua kwa urefu, akaipasua tena, vikawa vipande vinne. Akanitazama: "Kila moja. Kila siku." Zabibu nzima inateleza, ikiingia kwenye koo la mtoto inaziba hewa kabisa. Soseji nayo usiikate miduara, ipasue kwa urefu. Karanga nzima na bisi, asubiri akue. Na asali, mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimpe hata ya kulamba, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo. Najua kwetu wapo wanaowalambisha watoto wachanga. Waambieni na wao, tafadhali.

Kabla hujasafiri, tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto. Ujifunze kwa mikono, kwenye lile sanamu la mtoto, maana aliyepaliwa hakupi muda wa kutafuta video. Aliyezidi mwaka, ukishampiga mgongoni mara tano bila kitu kutoka, unambonyeza tumbo. Wa chini ya mwaka tumbo haliguswi, unambonyeza kifuani. Namba ya dharura huku ni 112, na anwani ya nyumba uijue kwa Kijerumani, uitamke hata ukiwa unatetemeka.

Sasa hili nitalisema taratibu. Tangu mwaka 2000 sheria ya Ujerumani inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa. Hata kofi dogo, hata kumfinya. Wengi wetu tumekulia fimbo, na siku umechoka, mtoto amemwaga uji kwa makusudi mara ya tatu, mkono unaweza kuinuka wenyewe. Hakikisha yuko mahali salama, toka hatua mbili, pumua, kisha urudi. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi, na nilikuja kugundua kuwa mtoto naye anatulia akikuona umetulia.

Saa na pesa nimeshazieleza kwenye video nyingine: mwisho saa 30 kwa wiki, na yuro 280 za mfukoni kwa mwezi. Ukipangiwa zaidi ya hapo, sema mapema.

Kingine, waulize wazazi maneno ya mtoto. A1 haikufundishi hayo. Jioni ya kwanza niliyoachwa peke yangu, yule mdogo alilia "Schnulli! Schnulli!" Nikampa maji, hataki. Maziwa, hataki. Nusu saa nzima, mpaka kaka yake akaenda kuinua mto wa kochi, akatoa ile chuchu ya plastiki ya kunyonya. Tangu hapo nina daftari. Anaitaje maji, anaitaje choo, analala na kidoli gani, ana mzio wa nini, nani anaruhusiwa kumchukua. Na waombe wazazi wamuage mtoto wakati wa kutoka. Wakitoroka akiwa anacheza, atakaa mlangoni jioni nzima.

Jioni ile ile mkubwa alijigonga kwenye kona ya meza, akavimba kidogo kwenye paji la uso. Nilimwekea kitambaa cha baridi, akanyamaza, akala mkate wake, akalala. Nikawaza, wazazi wakirudi niseme au ninyamaze? Niliogopa kurudishwa nyumbani hata mwezi sijamaliza. Walipofungua mlango saa tano usiku nilikuwa nimesimama pale pale kwenye korido, nikawaeleza yote hata koti hawajavua. Baba akaenda kumwangalia na tochi ya simu, akarudi akaniuliza kama alitapika, kama alipoteza fahamu. Nikasema hapana. Akasema, "Asante kwa kutuambia." Wiki iliyofuata wakatoka tena, wakaniachia watoto.

Binti wa Morogoro, ukitua niandikie. Na ulete koti la mvua, lako mwenyewe. Watoto wa huku wanatolewa nje hata ikinyesha, na wewe unatoka nao.