Mguu Usiouma Ndio wa Kutazamwa

SALMA: Karibuni tena. Leo ni vidonda vya miguu kwa wenye kisukari, na nitaanza na panya.

BARAKA: Panya tena, dada Salma?

SALMA: Panya, kaka. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari waliong'atwa na panya miguuni usiku. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa ya fahamu ya miguu inaharibika na unyayo unakufa ganzi. Meno ya panya, msumari, kokoto, maji ya moto, mwenyewe hasikii.

BARAKA: Kwa hiyo anayesubiri maumivu ndipo aende hospitali...

SALMA: Atasubiri mpaka mguu utoe harufu. Hilo ndilo linaloniuma. Watu wanasema "hakiumi, kitapona chenyewe." Kutouma kwake ndiyo hatari yenyewe!

BARAKA: Sasa watafiti wanakiwahije kidonda?

SALMA: Kwa joto. Ngozi inayosagwa mahali pamoja kila siku hupata moto kabla haijapasuka. Huko Marekani, Lavery na Armstrong waliwapa wagonjwa waliowahi kuwa na matatizo ya miguu kipimajoto cha ngozi. Kila siku wanalinganisha sehemu ileile, mguu wa kulia na wa kushoto. Tofauti ikizidi nyuzi 2.2 za Selsiasi, unapunguza kutembea na kumpigia muuguzi. Matokeo yalitoka 2007: waliopima joto, asilimia 8.5 walipata kidonda. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 29.3.

BARAKA: Hiyo tofauti ni kubwa mno. Lakini mama yangu mkubwa kule Korogwe hana kipimajoto hicho.

SALMA: Ana wajukuu, sivyo? Kuna kipimo kilichotoka Ipswich, Uingereza, hakihitaji kifaa. Mama anafumba macho. Mjukuu anagusa ncha ya kidole gumba, cha katikati na kidogo cha mwisho, miguu yote miwili. Anagusa taratibu kwa sekunde moja au mbili, asibonyeze wala asisugue. Mama anasema anaposikia. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, aende kliniki hata kama hana jeraha.

BARAKA: Na kidonda kikishatoka? Wengi wanakimbilia asali, unga wa dawa, kila siku bandeji mpya.

SALMA: Bandeji peke yake haitoshi, kaka, kama bado anakikanyaga. Dawa kubwa ya kidonda cha unyayo ni kukiondolea uzito. Hogo, ile plasta ngumu kama ya mfupa uliovunjika, lililofinyangwa vizuri kufuata umbo la mguu hugawa uzito, kidonda kinapumzika huku mtu anatembea. Utafiti wa Armstrong wa 2001 ulionyesha waliofungwa hogo, karibu asilimia 90 walipona ndani ya wiki 12. Waliopewa kiatu maalumu cha kuvua na kuvaa, asilimia 65.

BARAKA: Kwa nini kiatu kishindwe?

SALMA: Kinavuliwa. Baadaye watafiti waliwawekea wagonjwa wenye kiatu hicho vifaa vya kuhesabu hatua, wakakuta kiatu kinavaliwa kwenye asilimia 28 tu ya hatua za siku. Nyumbani mtu anatupa kiatu mlangoni, anaenda jikoni pekupeku. Siwalaumu, maana hakuna uchungu wa kuwakumbusha.

BARAKA: Basi kila mtu afungwe hogo.

SALMA: La, subiri. Kama kuna usaha, au damu haifiki vizuri mguuni, hogo linaweza kuuharibu zaidi. Lazima aliyefundishwa auangalie kwanza. Na hapa Tanzania wapo: mradi wa Hatua kwa Hatua ulifundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuosha vidonda, kukata sugu na kutambua mguu ulio hatarini, na taarifa yao ya 2011 ilionyesha kukatwa miguu kumepungua.

BARAKA: Nampigia mama mkubwa leo leo.

SALMA: Mwambie siku ya kliniki avue viatu vyote viwili na soksi, hata kama daktari hajamwomba.