Jina Lenye Watu Watatu au Pungufu

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Bakari. Leo tunazungumzia majina ya ukoo yaliyo adimu: yametoka wapi, na ile namba inayoandikwa pembeni yake maana yake nini. Naanza na kitu kidogo. Idara ya takwimu ya Norway ina ukurasa wa majina mtandaoni. Unaandika jina la ukoo, unaambiwa watu wangapi wanalitumia. Sasa jaribu jina adimu kabisa. Hupewi namba. Unajibiwa: watatu au pungufu.

BAKARI: Yaani hata sifuri imo humo.

ZUHURA: Imo. Na sababu yao naiheshimu. Jina la watu wawili ukilitangazia namba yake, ni kama umewanyooshea kidole hao wawili, kwa hiyo idara inafumba. Lakini mtu aliyekuwa akitafuta ndugu zake anaondoka akiamini ukoo umekwisha, kumbe amejibiwa kimya tu. Kimya na sifuri ni vitu viwili.

BAKARI: Dada Zuhura, jina linaanza kuitwa adimu likifika wangapi?

ZUHURA: Kila nchi na mstari wake. Hapo hapo Norway, jina linalotumiwa na watu 200 au pungufu linalindwa na sheria: ukilitaka, lazima wenye nalo wakubali. Jirani zao Sweden, tangu sheria yao ya majina ianze kazi Julai 2017, jina lenye watu 2,000 au zaidi anaweza kulichukua yeyote. Chini ya hapo lina wenyewe. Marekani Ofisi ya Sensa inatangaza majina yaliyofikisha watu 100 tu. Sasa kaa vizuri nikupe hesabu ya Marekani. Sensa ya 2010 ilikuta majina ya ukoo tofauti takriban milioni 6.3. Yaliyofikisha watu 100 ni 162,000 na ushei, na hayo machache yanabeba watu kama 9 katika kila 10. Smith peke yake ina watu 2,442,977.

BAKARI: Na hayo mamilioni mengine?

ZUHURA: Zaidi ya nusu ya majina yote yalionekana mara moja tu. Jina moja, mtu mmoja.

BAKARI: Ngoja kidogo. Mamilioni ya watu, kila mmoja yuko peke yake na jina lake? Kwani walizaliwa na nani?

ZUHURA: Hilo ndilo swali ambalo wengi hawaliulizi! Wengine ni wahamiaji, ndugu zao wako nchi nyingine. Wengine ni wanandoa waliounganisha majina mawili wakapata la tatu. Lakini sehemu kubwa ni kalamu. Mtu amejaza fomu kwa mkono, mashine ikasoma r na n zilizokaribiana ikaona m. Nafasi kati ya maneno mawili ikapotea. Jina limezaliwa kwenye karatasi, hakuna mtu aliyezaliwa nalo. Kwa hiyo ukiona pahala pameandikwa "jina hili lina mtu mmoja nchini," usikimbilie kulia. Angalia kwanza kama kuna jina linalofanana nalo kwa herufi zote isipokuwa moja.

BAKARI: Hapo umenifikisha ninapopapenda mimi. Kalamu na masikio. Uholanzi kuna ukoo unaitwa Naaktgeboren. Kwa Kiholanzi cha leo hilo ni "aliyezaliwa uchi". Utasimuliwa kwamba Napoleon wa Ufaransa, aliyekuwa akiwatawala, alipoamuru mwaka 1811 kila mtu asajili jina la ukoo, Waholanzi waliandikisha vichekesho wakidhani utawala wake utapita kama upepo. Hadithi hiyo inasimuliwa sana, nami sikubaliani nayo, kwa sababu Waholanzi wengi walikuwa na majina ya ukoo tangu kabla ya amri. Wataalamu wa majina wanalipeleka jina hilo kwenye neno la Kijerumani *nachgeboren*, aliyezaliwa baada ya. Baada ya nini? Baada ya baba yake kufariki.

ZUHURA: Subhanallah.

BAKARI: Fikiria. Mtoto amezaliwa baba hayupo tena, watu wakamwita kwa msiba huo. Jina likavuka mpaka wa lugha, masikio ya huko hayakulielewa, wakalisogeza mpaka kwenye neno wanalolijua. Msiba ukasomwa uchi. Ndiyo maana nawaomba watu: maana unayoiona leo katika jina adimu usiiamini mpaka umelitafuta katika maandishi ya zamani kuliko yote unayoweza kuyapata.

ZUHURA: Na je, jina linaweza kuwa adimu kwa makusudi?

BAKARI: Mfano wake ni Uturuki. Sheria ya majina ya ukoo ilipitishwa Juni 1934, kila raia achague. Novemba mwaka huo Bunge likampa rais wao, Mustafa Kemal, jina Atatürk, na likaandikwa kisheria kwamba hakuna mwingine wa kulitumia. Hata dada yake hakulipata, yeye alichukua Atadan. Basi ni jina la ukoo lisilo na ukoo. Lilikuwa na mtu mmoja hadi Novemba 1938 alipofariki, na tangu siku hiyo halina mtu, ingawa dunia nzima inalijua.

ZUHURA: Hilo kwenye hesabu zangu lingekuwa jina lililokufa.

BAKARI: Sasa nenda Thailand. Sheria yao ya 1913 iliwataka watu wawe na majina ya ukoo, na utaratibu ukawa kwamba familia zisizo na udugu zisichukue jina moja. Mfalme Vajiravudh mwenyewe alitunga na kugawa zaidi ya 6,000. Matokeo yake, huko jina lenye watu wachache ndilo la kawaida. Ufilipino ikaenda kinyume: mwaka 1849 gavana wa Kihispania, Clavería, alisambaza kitabu cha majina, familia zikapewa majina kutoka humo. Huko watu wawili wenye jina moja wanaweza wasiwe na damu moja kabisa.

ZUHURA: Hii ni muhimu sana. Namba ndogo ya Thailand na namba ndogo ya Uingereza hazisemi kitu kimoja. Ya Thailand imetengenezwa na sheria. Ya Uingereza mara nyingi imetengenezwa na bahati, na hiyo bahati ina hesabu yake.

BAKARI: Tupe hesabu, lakini taratibu.

ZUHURA: Chukua jina linalorithiwa kwa wanaume tu, kama ilivyokuwa Ulaya kwa karne nyingi. Mwanamume mmoja analianzisha. Anaweza kukosa mtoto wa kiume, akapata mmoja, wawili, watatu. Kila mtoto naye anarusha karata zake. Swali: ni uwezekano gani kwamba siku moja ukoo utakatika? Francis Galton aliliuliza Uingereza mwaka 1873. Alikuwa ameona majina ya watu mashuhuri wa zamani yamekuwa haba au yametoweka, akataka kujua kama damu za wakubwa zinadhoofika au ni bahati tu. Huyu Galton, niseme wazi, mawazo yake ya kuchagua nani azae na nani asizae yalikuja kuleta madhara makubwa kwa watu. Lakini swali lilikuwa la haki. Mchungaji Henry Watson akalipigia hesabu, akajibu: majina yote yatakufa.

BAKARI: Yote?

ZUHURA: Yote, kwa hakika. Na alikosea. Mlinganyo wake ulikuwa sahihi, lakini una majibu zaidi ya moja. Lile la kwamba ukoo utakatika kwa hakika lipo siku zote. Yeye aliliona akasimama hapo. Kama wastani wa watoto wa kiume kwa kila mwanamume unazidi mmoja, kuna jibu la pili, dogo zaidi, na hilo ndilo la kweli. Mfaransa Bienaymé alikuwa ameshalieleza hilo mwaka 1845, maandishi yake yakasahaulika.

BAKARI: Kwa hiyo wastani ukizidi mmoja, jina linapona.

ZUHURA: Linaweza kupona. Na hapa ndipo pananigusa. Mwaka 1931 Alfred Lotka alichukua takwimu za sensa ya Marekani ya 1920, za wanaume wazungu. Watu hao walikuwa wanaongezeka, kila mwanamume kwa wastani alikuwa na watoto wa kiume zaidi ya mmoja. Hata hivyo uwezekano wa ukoo ulioanzishwa na mtu mmoja kukatika ulitoka karibu 82 katika 100.

BAKARI: Katika taifa linalokua?

ZUHURA: Katika taifa linalokua. Hakuna tauni, hakuna vita, hakuna laana. Majina 100 yanaanza, 18 ndiyo yanabaki, na hayo 18 yanawabeba watu wote. Hatari kubwa iko mwanzoni, vizazi vile vya kwanza ambapo jina liko mikononi mwa wanaume wawili watatu. Likivuka hapo likapata makumi ya watu, linakuwa na mizizi. Kwa hiyo jina adimu lenye miaka 600 limepita kwenye tundu la sindano mara nyingi, na limetoka.

BAKARI: Na ndiyo maana nchi zenye majina ya kale sana zina majina machache?

ZUHURA: Ni sababu moja kubwa. China imerithisha majina kwa maelfu ya miaka, na leo majina 100 ya juu yanabeba zaidi ya watu 8 katika 10. Japani raia wote walilazimishwa kuwa na jina la ukoo mwaka 1875 tu, na mpaka sasa wanakadiriwa kuwa na majina zaidi ya 100,000. Bahati haijapata muda wa kutosha kuyapunguza. Mwaka 2024 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Tohoku alipiga hesabu kwamba wanandoa wakiendelea kulazimishwa kutumia jina moja, mwaka 2531 Wajapani wote wataitwa Sato. Mwaka wenyewe siushiki sana. Ninachokiona humo ni kwamba kanuni ya kurithi ndiyo inayoua majina. Ruhusu jina la mama lipite, na hesabu yote ya Watson inabadilika.

BAKARI: Mimi nilitaka kukuuliza la damu. Nikikutana na mtu mwenye jina langu adimu, ni ndugu yangu?

ZUHURA: Vinasaba vimejaribu kujibu. Kromosomu Y, sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume, inapita kwa baba kwenda kwa mwana, njia ile ile ya jina. Mwaka 2000 Bryan Sykes wa Oxford aliwapima wanaume wanaoitwa Sykes kama yeye, ambao hawakujuana kuwa ndugu. Karibu nusu walikuwa na Y ya aina moja.

BAKARI: Sykes ni jina la mahali, kijito au mtaro, kutoka Yorkshire. Mitaro iko mingi, ungetegemea waanzilishi wengi.

ZUHURA: Ndiyo, na yeye alitegemea hivyo hivyo. Kisha Turi King na Mark Jobling wa Leicester wakachukua jozi 150 za wanaume, kila jozi jina moja. Takriban robo ya jozi walikuwa na babu mmoja wa karibu. Lakini kwa majina adimu ilikaribia nusu. Baadaye wakaona kwamba wanaume wa jina Attenborough, linalotokana na kijiji cha Nottinghamshire, wengi mno wana Y moja, wakati wanaume wa jina Smith wametawanyika kila upande.

BAKARI: Smith maana yake mhunzi, na wahunzi walikuwa kila kijiji. Attenborough ni kimoja.

ZUHURA: Umemaliza. Ila usisahau ile nusu nyingine, ambayo jina ni moja lakini Y hazilingani. Watoto wa kulelewa, jina la mama, siri za nyumba. Mifupa ya mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza ilipopimwa, Y yake haikulingana na ya wanaume walioandikwa kuwa wa mstari wake. Kama kwa wafalme mnyororo umekatika, ukikatika kwako usione haya.

BAKARI: Basi anayelifuatilia jina lake afanyeje?

ZUHURA: Aandike tahajia zote zinazowezekana, hata zinazomkera. Atafute sensa mbili zilizoachana miaka mingi alinganishe. Kwa Uingereza ile ya 1881 inatafutika jina kwa jina, na jina adimu likiwekwa kwenye ramani yake mara nyingi linakusanyika katika wilaya moja au mbili. Hapo aende kwenye vitabu vya parokia.

BAKARI: Na asiamini kwamba karani wa Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji New York, alimbadilishia babu yake jina. Makarani wale walisoma orodha zilizoandikwa na kampuni za meli. Jina lilibadilika kabla, au mwenyewe alilibadilisha baadaye.

ZUHURA: Kabla hatujaaga, kuna mtu mmoja sijamtaja. Agner Krarup Erlang, Mdenmark, mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya simu ya Copenhagen. Krarup ni jina la upande wa mama yake, na alikuwa akiuona ukoo huo ukipungua. Akalifufua swali lile lile la Galton, likachapishwa 1929, mwaka aliofariki. Mwaka uliofuata Mdenmark mwenzake, Steffensen, akatoa jibu kamili.

BAKARI: Yeye mwenyewe aliacha watoto?

ZUHURA: Hakuoa, hakuacha mtoto. Lakini wahandisi wa simu wanapopima msongamano wa laini, kipimo chao kinaitwa erlang.

BAKARI: Kwenye takwimu za majina hilo halihesabiwi.

ZUHURA: Halihesabiwi. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.