Tangi la samaki wa miambani wa Ziwa Tanganyika, kwa chujio la ndoo na tofali

Karibu mtazamaji. Leo tunajenga tangi la kioo la samaki wa miambani wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wanaopenya kati ya mawe, ambao ziwa likitulia hapa Kigoma unawaona ukiwa umesimama ufukweni. Matumbawe tunawaachia watu wa pwani. Kioo tutagundisha wenyewe, na chujio tutalitoa kwenye ndoo ya lita 20 na vipande vya tofali la kuchoma.

Mwambie fundi akukatie kioo cha milimita 8, vipande vitano. Kitako sentimita 100 kwa 40. Mbele na nyuma, 100 kwa 45. Mbavu mbili, 38.4 kwa 45. Hiyo nukta nne ina sababu: ubavu unaingia katikati ya kioo cha mbele na cha nyuma, na unene wa vioo hivyo viwili ni milimita 16. Fundi akikukatia 40 kamili, ubavu utatokeza nje na pembe hazitakutana. Kingo zote zipigwe msasa, la sivyo utakatwa vidole.

Silikoni iwe ile inayonuka siki, iliyoandikwa asilimia 100. Ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu iache dukani, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Futa kingo kwa spiriti, kisha usiziguse tena kwa mkono. Jasho la kidole linatosha kufanya gundi isishike. Tazama hapa: tunaanza na kioo cha nyuma juu ya kitako, zinafuata mbavu, cha mbele kinafunga. Usikandamize mpaka kioo kigusane na kioo. Acha unene wa milimita 1 hivi wa silikoni katikati, maana huo ndio unaobeba mzigo. Funga tepu kuzunguka tangi lote, pitisha mstari wa pili wa silikoni kwenye pembe za ndani, kisha liache siku 7. Najua unayo hamu, lakini siku 7. Baada ya hapo lijaze uani, likae saa 48 juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, umejua penye tundu.

Meza isiwe ya kubahatisha. Maji lita 150, kioo kilo 33 hivi, mawe kilo 30: unabebesha zaidi ya kilo 200. Weka pima maji pande zote mbili, na chini ya tangi tandika sponji nyembamba ili punje moja ya mchanga isije ikapasua kitako.

Sasa chujio. Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoua samaki.

Maji ya Tanganyika ni ya magadi, pH yake, yaani kipimo cha uchachu au magadi ya maji, inacheza kati ya 8.6 na 9.2. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia. Kwenye maji ya pH 7 yenye nyuzi joto 25, haifiki hata asilimia 1 ya amonia hiyo iliyo katika hali ya sumu. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Kwa hiyo uchafu uleule ambao samaki wa maji mengine angeuvumilia, huku kwetu unaua usiku mmoja. Wanaotuokoa ni bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Wanaishi wameng'ang'ania kwenye vitu vyenye vitundu, na wanahitaji hewa.

Ndiyo maana hatutumii chujio la kopo lililofungwa. Umeme ukikatika, maji yaliyofungiwa ndani yanaishiwa hewa na bakteria wanaanza kufa. Sisi maji yatadondoka kutoka juu, yapite kwenye tofali, yatoke chini yenyewe. Umeme ukienda, ndoo inajikausha, tofali linabaki na unyevu na hewa, na bakteria wanasubiri.

Toboa kitako cha ndoo, pitisha kiungio cha bomba la inchi 1 na robo chenye nati na washa mbili za mpira, moja ndani moja nje. Bomba la kuingiza maji ni la nusu inchi. La kutoka lazima liwe pana kuliko la kuingia, vinginevyo ndoo itafurika sebuleni. Juu ya tundu la ndani funika kipande cha wavu ili tofali lisizibe. Ponda tofali liwe vipande vya ukubwa wa ndimu, lililoiva vizuri, lisilomeguka ukilikwaruza. Lioshe, liloweke wiki nzima ukibadilisha maji mpaka yabaki meupe. Jaza robo tatu ya ndoo. Juu yake weka sahani ya plastiki uliyoitoboa matundu mengi ya milimita 4 ili maji yasambae, na juu ya sahani kipande cha sponji cha kukamata takataka.

Ndoo inakaa kwenye ubao imara juu ya tangi. Pampu ya kuzama inakaa kona ya mbali. Usiamini namba ya kwenye boksi, maana kila sentimita ya kupanda inapunguza maji. Pima mwenyewe: lita 10 zijae kwa sekunde 48 au pungufu, hiyo ni lita 750 kwa saa, mara tano ya tangi. Waya wa pampu ushuke chini ya soketi kisha upande, tone la maji lisifuate waya mpaka kwenye umeme. Na kabla ya kuingiza mkono, zima.

Mawe yanatangulia, mchanga unafuata. Ukianza na mchanga, samaki watachimba chini ya jiwe na jiwe litaangukia kioo. Mchanga laini sentimita 4, na makombe matupu ya konokono pembeni kwa wale wanaoishi ndani yake. Usichukue kitu Gombe wala Mahale, hizo ni hifadhi. Mawe yaanike juani mpaka yakauke kabisa, na maji uliyochota ziwani yakae saa 48 kwenye chombo kisicho na konokono: kichocho kipo ziwani, na vimelea vyake havivuki muda huo bila kupata mtu wa kumwingia.

Mliopo Tabora, maji yenu ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria ni mepesi mno, yaani yana madini machache. Kila lita 100 ongeza gramu 30 za baking soda na gramu 30 za chumvi ya Epsom, uzikoroge kwenye ndoo kwanza. Maji ya mvua matupu msiyatumie.

Washa pampu bila samaki. Funga dagaa wakavu wawili kwenye soksi, waoze ndani. Kwa vipimo vya maji utaona amonia inapanda kisha inashuka, inafuata naitraiti vilevile. Zote mbili zikisoma sifuri, wiki 4 hadi 6, toa soksi, badilisha nusu ya maji.

Anza na Neolamprologus brichardi sita, au jozi ya Julidochromis. Tropheus waache kwanza: wanataka kundi kubwa, wanakula mwani, na ukiwapa vyakula vizito tumbo linavimba wanakufa. Mfuko wa samaki uelee dakika 15, kisha wachote kwa wavu, maji ya mfuko yamwage nje. Kama wamesafiri kwa treni usiku kucha, usiwazoeshe kwa kudondoshea maji saa nzima. Hewa chafu waliyopumua imeshusha pH mfukoni na kuituliza amonia. Ukifungua, pH inapanda na sumu inaamka.

Lisha kinachoisha kwa dakika 2, mara mbili kwa siku. Dagaa asiye na chumvi anafaa, ila mchekeche utoe vumbi. Kila wiki toa lita 30 kwa mpira, rudisha zilizokaa siku mbili. Sponji ioshe kwenye maji uliyotoa. Tofali usiliguse, na kamwe usilioshe kwa maji ya bomba, klorini itafagia bakteria wote.

Ukikuta samaki wanahema juu ya maji asubuhi na pampu inafanya kazi, badilisha nusu ya maji, acha kulisha siku tatu, upime amonia. Umeme ukikatika zaidi ya saa moja, pampu ndogo ya hewa ya USB kwenye pawabenki inatosha. Huna? Chota maji kwa kata, yamwage kutoka urefu wa nusu mita, dakika 10 kila saa, na siku hiyo wasile.