Kitendawili Kabla ya Ajenda

Mabibi na mabwana, wawezeshaji wenzangu, habari za mchana?

(Nzuri!)

Afadhali mmeitikia. Mngekuwa kwenye kompyuta, ningeambulia vidole gumba vitatu na mtu mmoja wa kuniarifu kwamba maiki yangu imezimwa.

Nimeombwa nizungumzie michezo ya kuchangamsha mikutano ya mtandaoni. Baadhi yenu mmeshaanza kukunja uso, na nawaelewa, maana mmeshafanyiwa. Watu kumi na watano, nusu hawajuani, mwezeshaji anatabasamu na kusema: "Kila mmoja atuambie jambo la kuchekesha kumhusu." Kimya. Mkurugenzi yupo, mhasibu yupo, na yule kijana aliyeajiriwa juzi yupo. Amsimulie mkurugenzi nini? Akisema kubwa, amekosa adabu. Akisema dogo, ameonekana mkavu. Anazima kamera, anasingizia mtandao.

Mimi nasema watu wetu wana ucheshi wa kutosha. Wanachokosa mtandaoni ni zamu.

Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Tanya Stivers walichapisha uchunguzi wa mazungumzo katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia. Waliona kwamba mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana, kwa wastani hujibu baada ya milisekunde 200 hivi, yaani moja ya tano ya sekunde. Hata hatujui kama tunafanya hivyo. Sasa chukua intaneti. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, linashauri sauti isichelewe kupita milisekunde 150 kwa safari ya upande mmoja. Mtandao wa simu ukielemewa jioni, kiwango hicho kinaweza kupitwa. Ndipo wawili wanapoanza pamoja, wote wananyamaza, "endelea tu", "hapana, endelea wewe", kisha wanaanza tena pamoja. Ukiwapelekea watu wa namna hiyo mchezo wa kurukia maneno, umewaongezea taabu.

Kwa hiyo tafuta mchezo wenye zamu ndani yake. Kitendawili!

(Tega!)

Nyumba yangu haina mlango.

(Yai!)

Hicho cha watoto. Kitendawili!

(Tega!)

Popoo mbili zavuka mto.

(Kimya. Sauti moja: Mitumbwi!)

Wapi! Nipeni mji.

(Chukua Tanga!)

Tanga nimekwenda, nimefika Raskazoni, nimeoga baharini, watu wa Tanga wakanikaribisha vizuri, nikarudi. Jibu ni macho.

Mmeona? Hakuna aliyejiuliza aseme lini. Mtegaji anajulikana, wajibuji wanajulikana, na aliyeshindwa ana mlango wa kutokea bila aibu: anatoa mji.

Mtandaoni tunafanya hivi. Mtegaji anatega kwa sauti. Wengine wanaandika jibu kwenye sehemu ya ujumbe, lakini wasitume. Anahesabu moja, mbili, tatu, "tumeni!" Majibu yanamwagika yote pamoja. Aliyeko Kigoma kwenye mtandao hafifu, jibu lake likifika sekunde mbili baadaye, hakuna anayejali.

Utamu lakini uko kwenye mji. Aliyekosa anatoa mji anaoujua, mtegaji analazimika kusimulia alivyoutembelea, na mwenyeji anamsahihisha. Niliwahi kuona mtegaji akipewa Bukoba. Akasema amekula ndizi, ameliona ziwa, amerudi. Bwana mmoja ambaye hatukuwahi kumwona sura akawasha kamera mwenyewe: "Dada, Novemba hii upite Bukoba usile senene? Hujafika wewe!" Tukapata somo zima la kuchambua senene, mabawa na miguu. Kumbe kwao ni huko, na hakuna aliyekuwa akijua.

Mchezo wa pili, wale wa pwani mtanielewa haraka. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake. Mwambie kila mtu atunge jina la kanga la wiki yake, maneno yasizidi sita. Mtu wa manunuzi aliandika: "Sahihi yako dawa, mbona waninyima." Sote tukajua anasemwa nani. Mhasibu akajibu hapo hapo: "Risiti kwanza, mapenzi baadaye." Lile lilikuwa lalamiko halisi la kazi, ila limevishwa nguo likapita bila ugomvi. Tahadhari moja: fumbo limlenge mwenye cheo au rika, usiruhusu walimwengu wamwandame mgeni.

Kuna ule wa kuonyesha kitu kilichopo mezani kwako. Si mbaya. Ila unadai kamera, na kamera inakula bando. Tena Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiandika mwaka 2021 kuhusu uchovu wa mikutano ya video, alitaja kujitazama mwenyewe muda wote kuwa miongoni mwa sababu nne. Anayetaka kuzima, mwacheni azime.

Dakika tano zinatosha. Mkizidi watu ishirini, wagawe kwenye vyumba vidogo vya watu wannewanne, la sivyo shikamoo peke yake zitawamalizia muda.

(Swali kutoka ukumbini: Mkurugenzi wetu hapendi michezo, tufanyeje?)

Mpe atege cha kwanza. Mjulishe jana yake, faraghani, ili ajiandae. Wakubwa wengi hawachukii mchezo, wanachukia kushtukizwa.

(Swali: Na kama mwenzetu amefiwa?)

Siku hiyo hakuna mchezo. Mnatoa pole, mnakubaliana nani anakusanya rambirambi na kwa namba ipi, mnaingia kwenye ajenda. Na ajenda yenyewe mnaipunguza.